Tunasoma Maneno, Besi Tunaiacha

Gitaa la besi lililonifanya niandike makala hii liko juu ya kabati la nguo chumbani kwangu, ndani ya gunia la korosho. Nililinunua Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kwa shilingi 150,000. Mwezi uliopita jamaa mmoja wa Dar es Salaam, anayenunua ala kuukuu na kuwauzia wageni, alinitumia ujumbe kwamba yuko tayari kutoa 900,000, ila nitume picha kwanza. Alikuwa na maswali matatu. Ni la kampuni gani? La mwaka gani? Kuna kitu kimebadilishwa? Hakuuliza nani alikuwa analipiga.

Nilikasirika, na hasira yenyewe haikudumu. Usiku huo nilifungua makala yangu ya zamani kuhusu nyimbo za dansi, ile ambayo baadhi yenu mliisifia. Na mimi nilikuwa na maswali matatu. Nani mtunzi? Dhamira ni ipi? Jamii inapata funzo gani? Maneno elfu tatu na ushee kuhusu muziki, na neno "besi" halimo hata mara moja. Kwa hiyo huu ni uhakiki wa uhakiki, na mtuhumiwa wa kwanza ni mimi.

Tuanze na soko, maana bila kulielewa hutaelewa kwa nini mtu atoe laki tisa kwa mbao zenye nyuzi nne.

Gitaa la besi la umeme ni kitu cha juzi. Leo Fender wa California alianza kuuza Precision Bass mwaka 1951. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba lile dude la kusimama, refu kuliko yeye, lisilo na vyuma shingoni vya kumwonyesha sauti ilipo. Fender aliweka vyuma hivyo, ndiyo maana akaiita "Precision": ukibonyeza hapa, sauti ni hii hii, haiyumbi. Mwaka 1960 ikafuata Jazz Bass, kisha mwanzoni mwa 1965 kampuni ikauzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Kuanzia hapo wakusanyaji wameigawa dunia sehemu mbili, kabla ya CBS na baada ya CBS. Kilichotengenezwa kabla kina bei ya nyumba, cha baada yake kina bei ya pikipiki. Wanafungua kifuniko, wanasoma namba ndogo kwenye vitasa vya sauti, wanachunguza kama risasi iliyoshika waya ni ya kiwandani au ya fundi redio. Kila alipogusa fundi, bei inashuka.

Mnunuzi wa namna hii ana msamiati wa watu wa nyaraka za kale. Anatafuta nakala safi, isiyoandikwa pembeni. Sasa chukua macho hayo uyapeleke kwenye besi ya Mbekenyera. Jina la kampuni lilishabanduka kichwani. Nyuma, kwenye bati linalounganisha shingo na mwili, yamebaki maneno yanayosema limetengenezwa Japani, basi. Kitasa kimoja ni cha redio. Uzi mnene kuliko wote ni mpya, mitatu iliyobaki ina kutu. Pale waya unapochomekwa pamezungushiwa kipande cha ndara. Kwa macho ya soko gitaa hili limeharibiwa mara nne. Kwa macho yangu lilifufuliwa mara nne, na kila mara kulikuwa na mtu aliyetaka lilie Jumamosi ile.

Najua kuna anayetaka kunikumbusha kwamba hata huko kwao wapo wanaojali mpigaji. Ni kweli, ila mpigaji mwenyewe lazima awe na jina. Höfner ya Paul McCartney, aliyoinunua Hamburg mwaka 1961, iliibwa London mwaka 1972. Watu wakaisaka, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba imepatikana na kurudishwa kwake. Habari ile ilizunguka dunia nzima.

Mfano unaotufaa zaidi ni James Jamerson wa Detroit. Huyu ndiye aliyepiga besi kwenye nyimbo za Motown ambazo umezisikia hata kama hujui kwamba umezisikia. Kwa miaka mingi majina ya wapigaji hayakuandikwa kwenye majalada ya sahani zile. La kwake lilionekana mwaka 1971 kwenye "What's Going On" ya Marvin Gaye. Precision yake ya 1962 iliibwa mwaka 1983, na mwaka huo huo akafariki. Miaka sita baadaye Allan Slutsky akatoa kitabu, "Standing in the Shadows of Motown", chenye maisha ya Jamerson na noti za besi zake, mstari kwa mstari. Yaani mtu alikaa chini akaisoma besi kama sisi tunavyosoma shairi.

Turudi nyumbani. Sisi tuna "Wasifu wa Siti binti Saad" wa Shaaban Robert, kitabu kinachotukumbusha kwamba fasihi yetu ilishawahi kumpa msanii wa muziki heshima ya wasifu, tena kwa kalamu ya bingwa. Ni wasifu wa mwimbaji. Waliofuata wameandika mengi ya maana. Kelly Askew alitoa "Performing the Nation" mwaka 2002, Alex Perullo akatoa "Live from Dar es Salaam" mwaka 2011 kuhusu uchumi wa muziki wetu, na mwaka 2017 Emily Callaci akatoa "Street Archives and City Life", ambamo kumbi za dansi na riwaya za mitaani zinakaa nyumba moja. Hivyo vitatu ni vya Kiingereza. Kwa Kiswahili tuna kumbukumbu za bendi ambazo mwanamuziki John Kitime ameziandika kwa miaka. Sisi wa upande wa fasihi tumefanya nini? Tumeuchukua wimbo wa dansi, tukaufuta vyombo, tukaupanga beti kwenye karatasi, kisha tukaanza: fani na maudhui.

Hapo hatumwonei mpiga besi peke yake. Tunausoma wimbo vibaya.

Chukua "Kifo" ya Remmy Ongala, iliyomo kwenye "Songs for the Poor Man" ya mwaka 1989. Karatasini ni maombolezo. Mtu analia mbele ya kifo, anakilalamikia kama kiumbe anayesikia. Mwanafunzi wa kidato cha nne ataandika tashihisi, ataandika huzuni, atapata alama zake. Mimi niliandika hivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Sasa usikilize kwenye spika kubwa. Chini ya yale maneno kuna besi inayotembea kwa mwendo wa kuchezeka. Haiendi kaburini. Magitaa ya juu yanazunguka, besi inayashika isije bendi ikapaa, na miguu yako inaanza kujibu kabla kichwa hakijaelewa maneno. Hakuna mgongano wowote hapo kwa mtu aliyewahi kukaa ukumbini. Watu walilipa kiingilio, wakasikia kwamba watakufa, wakacheza. Ukiiondoa besi, unabaki na Remmy mhubiri. Ukiirudisha, unampata Remmy aliyejua kwamba habari nzito humfika mtu vizuri akiwa amesimama, anatoka jasho, ameshikana na mwenzake. Hiyo ni maana. Haikai kwenye beti lolote.

Kwa nini hatukuisikia? Nimelifikiria sana hili, na nadhani jibu moja ni la kawaida kabisa: redio. Uzi mnene wa besi, ukiachiwa bila kubonyezwa, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya redio ndogo ya mkulima, ile inayoenea kiganjani, haiwezi kusukuma hewa kwa mwendo wa chini namna hiyo. Inachokupa ni kivuli chake, yaani zile sauti za juu juu zinazoambatana na uzi, na sikio linajaza pengo kadiri linavyoweza. Nchi hii iliijua dansi kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliingia studio za RTD, zikarekodi pamoja, kanda zikabaki pale, na wimbo ukafika Ruangwa, Sumbawanga na Musoma kupitia vispika hivyo. Sauti ya mwimbaji ilifika. Tarumbeta na solo vilifika. Besi ilibaki ukumbini Dar es Salaam. Sisi tuliozaliwa baadaye tunasikiliza kwa simu, ambayo spika yake ni ndogo zaidi. Uhakiki wetu wa dansi ni uhakiki wa wasikilizaji wa redio. Tuliyahakiki maneno kwa sababu ndiyo tuliyoletewa.

Jambo la pili ni mali. Kwenye dansi kuna neno zito kuliko "kipaji", nalo ni "vyombo". Mwanamuziki wa Jamerson au wa McCartney aliibiwa gitaa lake. Wengi wa wanamuziki wetu hawakuwa na gitaa la kuibiwa. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikaitwa Juwata, ikaitwa OTTU, jina likibadilika kila chama kilipobadilika, hadi ikabaki Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya vijana wa chama, Bima Lee ya shirika la bima. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC. Mwaka 1985 Hugo Kisima wa Safari Sound aliwavuta wanamuziki kadhaa kutoka Mlimani Park, akiwemo Muhiddin Maalim Gurumo. Wao walihama na sauti zao na mikono yao, vyombo vikabaki kwa mwenyewe. Na Super Matimila, bendi ya Remmy? Matimila alikuwa mfanyabiashara mwenye vyombo. Bendi ilibeba jina la mwenye mali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unaposikia "Kifo" unasikia watu waliokuwa wanapiga vyombo vya mtu. Mimi sikuwahi kuandika sentensi hiyo kwa sababu haimo kwenye maneno ya wimbo.

Mbekenyera nilikwenda kwa kazi nyingine kabisa, habari ya bei ya korosho. Mzee niliyefikia kwake, jirani wa mwenyeji wangu, alisikia simu yangu ikipiga wimbo wa Mlimani asubuhi nikinawa uso. Akaja na kigoda chake, akakaa, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, besi umeipeleka wapi?"

Nikamwambia ipo, ni simu tu.

"Ndiyo hivyo hivyo zamani. Redioni sisi tulikuwa hatupo."

Alikuwa mpiga besi. Siku hizo Ruangwa ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Nachingwea, na mji wenyewe wa Nachingwea, uliokuzwa na Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulikuwa na kumbi na watu wa mishahara wa kuzijaza. Bendi yake ilikuwa ya chama kimoja cha ushirika. Msimu wa korosho ukifika walizunguka vijijini na vyombo juu ya lori, na jenereta, na pale jenereta ilipogoma, betri za magari. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika nchi nzima. Chama kikafa, bendi ikafa nacho, na vyombo vikafungiwa stoo. Wanamuziki walikuwa wanadai mishahara ya miezi mitano.

"Besi hii sikuiiba," aliniambia akiitoa chini ya kitanda. "Nilijilipa."

Niliigeuza geuza. Rangi ilikuwa imelika mahali pawili, pale kiwiko kinapoegemea na pale dole gumba linapokaa juu ya nyuzi. Nikamwomba apige. Hapakuwa na amplifaya. Akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akaisimamisha, akaigandamiza pembe ya gitaa kwenye mlango wa mbao wa nyumba yake, akapiga. Mlango mzima ukaitika. Nilikuwa nimeegemea fremu, nikaisikia mgongoni kabla ya masikioni.

Halafu akanifundisha kusoma. Alipiga mstari mmoja mara mbili. Mara ya kwanza akajaza kila pigo, dum-dum-dum-dum, akasema hivyo ndivyo anavyopiga mtu mwenye hofu. Mara ya pili akaacha mapengo. Alipiga mbili, akanyamaza, akarudi akiwa amechelewa kidogo, kama mtu anayeingia mkutanoni baada ya salamu. "Hapa nyamaza, mwimbaji apumue. Hapa mwenye tumba aseme lake. Mwimbaji akisema mke wangu ameondoka, ukipiga pale pale umemkata kauli. Ngoja. Halafu mjibu." Nikauliza anajuaje pa kungoja. Akasema maneno ya nyimbo zote aliyajua kwa moyo kuliko waimbaji wenyewe. "Wao wakisahau, mimi nawakumbusha kwa uzi."

Nikaona aibu. Mimi niliyachambua maneno yale kwa miaka nikidhani besi ni mapambo, kumbe kulikuwa na mtu anayeyasikiliza neno kwa neno na kuyajibu hapo hapo mbele ya watu. Mhakiki wa kwanza wa wimbo wa dansi alikuwa jukwaani, pembeni ya dramu. Tulipotoka kwenye sehemu ya taratibu tukaingia chemko, yule aliyekuwa anajibu ndiye aliyegeuka dereva. Maneno yanaisha na besi inaendelea kuzungumza.

Hayo aliniambia asubuhi. Jioni yake nikanunua gitaa.

Niseme ukweli wangu hapa, maana makala hii haitakuwa na maana nisiposema. Mzee alihitaji hela ya salfa. Mikorosho ilikuwa inataka kupuliziwa na hakuwa nayo. Akasema laki mbili. Mimi, niliyetoka kuona aibu mlangoni kwake, nikasema laki na nusu. Akakubali. Wakati huo nilikuwa naijua bei ya magitaa ya Kijapani ya zamani mtandaoni, sikumwambia. Nilijiambia kwamba nanunua kumbukumbu, kwa hiyo si biashara. Nimewasema wakusanyaji ukurasa mzima hapo juu, na mimi nilifanya jambo baya kuliko lao, kwa sababu wao hawakuwa wamemsikiliza kwanza.

Ujumbe wa laki tisa ulipoingia nikampigia simu. Nikamweleza bei aliyotaja yule jamaa. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Huyo anajua kupiga?"

Nikasema hapana, anauza tu.

"Haya. Uza."

Nikaanza kumweleza, babu wee, kwamba hiki ni kitu cha historia, kwamba kingefaa kikae makumbusho, kwamba kimebeba jasho lake. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema yeye ana wajukuu wawili sekondari na gitaa lililo juu ya kabati la mtu wa Dar halimsaidii yeye wala historia. Chetu tugawane nusu kwa nusu, tena nitoe kwanza ile elfu hamsini niliyompunguza. Alikuwa anaikumbuka.

Kwa hiyo tazama tulipofika. Mimi mhakiki ndiye ninayeling'ang'ania gitaa, na aliyelipiga ndiye anayetaka liuzwe. Huruma ya vitu vya zamani imekaa upande wa mtu mwenye mshahara. Mtu aliyejilipa mwaka 1976 anataka kumaliza hesabu yake, na sioni hoja ya kifasihi ya kumzuia. Kama kuna kitu cha kuokoa, hakimo kwenye mbao hizi. Kimo kwenye yale mapengo, kwenye kujua pa kunyamaza, na hicho anacho yeye hadi leo, bila gitaa.

Tumekubaliana hivi. Kabla halijauzwa nalirudisha Mbekenyera kwa siku tatu. Fundi redio wa mtaani kwetu ameshachomelea upya waya wa ndani, na nikamwomba kile kipande cha ndara akiache kama kilivyo. Nitabeba amplifaya ndogo inayotumia betri, spika ya nchi kumi na tano ya kuazima, na kinasa sauti. Mzee atapiga, na kwa kila mstari ataniambia alikuwa anamjibu nani na alisema nini. Nitaandika pembeni ya maneno ya wimbo, neno kwa neno na pigo kwa pigo, kama Slutsky alivyomwandika Jamerson. Sijui noti vizuri, ila kuna mwalimu wa kwaya kule aliyeahidi kunisaidia kwa tonika solfa.

Na ninyi wadau wa hapa nawaomba jambo moja. Wengi wenu mna mzee wa namna hii, Tabora, Morogoro, Tanga, Mombasa, Bukavu. Safari ijayo mkitaka kuandika kuhusu wimbo wa dansi, tafuteni spika kubwa kwanza. Mkishausikia wote, muulizeni aliyekuwa nyuma.

Yeye amenitaka nifike kabla ya Oktoba. Korosho zikianza kudondoka hatakuwa na muda na mimi.